Mashine Haikumgusa

Mbuzi akifunguliwa tumbo mahali nilipo, huwa nahamia upande ambao upepo unatokea. Nyama naila, tena vizuri, na kisusio, ile supu ya damu, nikipewa kikombe kimoja naomba cha pili, kwa hiyo damu hainisumbui. Kinachonishinda ni lile fuko kubwa la majani, pale kisu kinapolipasua na ule uji wa kijani ukamwagika ukifuka mvuke. Mwezi uliopita, kwenye posa ya binti wa jirani yangu hapa Moshi mjini, walimpasulia mbuzi hatua tatu kutoka kiti changu. Niliinuka haraka kama mtu aliyepigiwa simu, nikaenda kutapika nyuma ya tangi la maji. Mama mmoja aliyekuwa akiosha masufuria alinitazama tumboni, akatabasamu, akanipa hongera. Sikuwa na nguvu ya kumbishia.

Nimeishi na kichefuchefu hicho tangu darasa la nne. Sijawahi kukieleza chote, hata kwa mume wangu, kwa sababu ukianza kukieleza inabidi useme na kile nilichofanya mimi. Nyinyi wa umri wangu mtanielewa kwa urahisi. Sote tulikua tukisikia kwamba mtoto hasemi uongo, na tulijivunia hilo. Hakuna aliyetuambia kwamba mtoto anaweza kusema kweli yote aliyoiona kwa macho yake na bado akaangamiza watu.

Mama yangu alianza na kichwa. Kwetu Kilema, mwanamke anayepanda na kushuka na mzigo wa majani ya ng'ombe akisema kichwa kinamuuma, anaambiwa apumzike kidogo, halafu kesho yake mzigo uko palepale. Akaanza kutapika asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni. Jicho lake la kushoto likawa linamwonyesha vitu viwili viwili, akawa anamimina maziwa pembeni ya kikombe na kumfokea paka. Siku alipoanguka kwenye kahawa, akatetemeka na kujing'ata ulimi mbele ya wachumaji, ndipo Baba alipomteremsha Moshi akapigwe picha ya kichwa. Kulikuwa na uvimbe nyuma ya jicho, mahali ambapo kisu kingeharibu kuliko kutengeneza. Wakasema atatibiwa kwa mionzi, bila kupasuliwa, na wakati ule mionzi ilikuwa Dar es Salaam. Apigwe kidogo kidogo, siku tano kwa juma, mara thelathini, na asiruke. Hilo la kutoruka walilirudia mpaka hata mimi nikalishika: uvimbe ukiachiwa nafasi katikati ya dawa, unajipatia nguvu upya.

Akafikia kwa mdogo wake, Mama Mdogo Felista, fundi cherehani mwenye sauti ya kumfukuza ng'ombe kwenye shamba la jirani bila kuinuka kitini. Baba akabaki na ng'ombe na kahawa. Shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili, nami nikapelekwa Dar nikamsaidie Mama kazi ndogondogo. Mimi ndiye Manka, mtoto wake wa kwanza na wakati ule wa pekee.

Nilitegemea kumkuta mama yangu, nikamkuta mtu anayenuka. Sisemi hivi kwa ubaya, nasema nilivyomkuta. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu mkononi. Juu ya sikio la kushoto nywele zilikuwa zimemtoka, ngozi imekuwa nyeusi zaidi na inayong'aa, na pembezoni ilikuwa inabanduka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Daktari alikataza pasiguswe: pasipakwe mafuta, pasisuguliwe, pasitiwe sabuni, pakae pakavu na safi. Asubuhi nilikuta nywele kwenye mto, na mara moja nilikuta unywele ndani ya uji wangu. Niliunywa uji wote kwa sababu alikuwa akinitazama. Nilimpenda mama yangu na nilikuwa namwonea kinyaa, yote mawili kwa pamoja, na kwa akili ya darasa la nne nilidhani mimi ndiye mtoto wa kwanza duniani kuwa mbaya namna hiyo.

Kila siku ya kazi tulikwenda hospitali. Ndani kulikuwa na chumba chenye mlango mnene kuliko ukuta wa nyumba yetu, na katikati kitanda chembamba chini ya mashine kubwa yenye kichwa kama ng'ombe aliyeinamia hori. Mama alilala chali. Wakamvisha usoni neti ngumu ya plastiki iliyofinyangwa kwa sura yake, wakaibana na kitanda asiweze kugeuka hata kidogo. Kisha wakatoka wote, mbio mbio, wakatuswaga na sisi wasindikizaji mbele yao. Mlango ukajifunga. Taa nyekundu ikawaka juu yake.

Kijana wa mashine alikuwa mpole. Siku ya kwanza aliona nimeng'ang'ania mlango, akanisogeza kwenye televisheni ndogo nimwone Mama. Nikamwona amelala peke yake. Mashine ikanguruma, ikajizungusha polepole kutoka upande mmoja wa kichwa chake kwenda mwingine, kwa mbali, bila kumgusa. Nilisubiri kitu kitoke. Nilitegemea sindano, moto, mkono wa chuma, chochote cha kustahili safari yote ile. Hakikutoka kitu. Baada ya muda mfupi taa ikazimika na mlango ukafunguka.

"Tayari?" nikamwuliza.

"Tayari. Mpaka kesho."

"Mmemfanya nini?"

"Tumempiga mionzi. Ni kama mwanga, ila hauonekani."

Nilimtazama kwa dharau kubwa. Mwanga usioonekana ni mwanga gani? Mimi nilikuwa wa tatu darasani.

"Na kwa nini nyinyi mnatoka mbio?"

Akacheka. "Mama yako anapigwa siku chache tu. Sisi tuko hapa mwaka mzima."

Sikuelewa, na kitu nisichoelewa wakati ule nilikiita uongo. Mama alitoka akiwa na alama za ile neti usoni, kama mtu aliyelala kifudifudi juu ya mkeka, na mate yamemkauka kidevuni. Njia nzima alitapika kwenye mfuko wa plastiki niliokuwa nimemshikia. Nikawachukia wale watu wa hospitali. Niliona wanamfunga, wanamkimbia, wanamwacha na mashine inayomzunguka bure, halafu anarudi mgonjwa kuliko alivyokwenda.

Alikuwa amemaliza mara kumi na nane Krismasi ilipofika. Hapo ndipo watu wa makabila mengine wanaponikatiza na kuuliza tulikuwa na wazimu gani. Mashine ingepumzika sikukuu na mwisho wa juma, jumla siku nne, na mwanamke mwenye uvimbe kichwani akapanda basi la siku nzima kwenda Kilema. Mama Mdogo Felista alimkataza mpaka sauti ikamkauka. Daktari alimruhusu kwa shingo upande, akamwambia asubuhi ya siku ya tano awe pale mlangoni bila kukosa.

"Krismasi nikae Dar?" Mama alimwambia mdogo wake. "Kwani mimi nimefukuzwa kwetu?"

Mchaga mwenzangu anayesoma hapa hahitaji maelezo. Mwezi huo hata aliyegombana na ndugu zake wote anapanda mlimani, anapika ndizi, anahesabiwa kwamba yupo. Mama alikuwa mgeni katika ukoo wa Baba, mwanamke wa kuolewa, mwenye mtoto mmoja tu na tena wa kike. Kutoonekana Krismasi kwake kungekuwa sawa na kujichimbia kaburi mapema. Aliahidi atageuza mara tu baada ya sikukuu.

Siku ya Krismasi ukoo ulikusanyika kwa Baba Mkubwa Aloisi, kaka yake Baba, ambaye ndiye aliyekuwa amebaki kwenye kihamba cha babu, shamba la urithi la ukoo. Yeye ndiye aliyeongoza jumuiya yetu kusali rozari, na yeye huyohuyo ndiye aliyejua mbuzi gani wa ukoo anatakiwa kwa jambo gani. Hakuona mgongano wowote. Wanaume walikaa nyuma ya nyumba na kata za mbege, wanawake jikoni, na kila aliyefika alimwendea Mama kumpa pole na kumwangalia kichwa. Walikuwa wanatafuta mshono. Mtu akitoka hospitali kubwa kwetu anafunua nguo anaonyesha alipopasuliwa, watu wanasikitika, wanahesabu nyuzi, wanaridhika. Mama hakuwa na cha kuwaonyesha ila kile kipande cheusi kinachobanduka. Niliwaona wakikunja pua. Nilijua wanavyojisikia, maana na mimi nilikuwa nakunja yangu nikiwa peke yangu.

Mchana Baba Mkubwa aliniita kule kwa wanaume.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Njoo hapa. Wewe ndiye ulikuwa unamsindikiza mama yako?"

"Ndiyo. Kila siku."

"Wamempasua wapi?"

"Hawakumpasua."

"Sindano je?"

"Hawakumchoma."

"Sasa wanamfanya nini huko?"

Wazee wote walikuwa wamenyamaza. Sikuwahi kunyamaziwa na watu wazima maishani mwangu. Kata zilikuwa zimesimama hewani, na povu la mbege limeganda kwenye sharubu zao. Nilijisikia mkubwa. Huo ndio ukweli.

"Hawamfanyi kitu," nikasema. "Wanamfunga kichwa kwenye kitanda, halafu wanatoka mbio wote, wanafunga mlango. Mashine inazunguka hivi, inanguruma, lakini haimgusi. Niliangalia kila siku kwenye televisheni. Haikumgusa hata mara moja."

"Wanatoka mbio?"

"Wote. Wanamwacha peke yake."

"Mae!" akasema mzee mmoja, akatema mate pembeni.

Baba alikohoa. "Lakini wanasema kuna mwanga."

"Wewe uliuona, mbe?" Baba Mkubwa akamwuliza.

"Mimi sikwenda."

"Mtoto alikwenda. Manka, uliuona mwanga?"

"Hapana."

"Aika, mwanangu." Akanishukuru hivyo, akakata kipande cha ini kutoka kwenye sinia lake, akanitia mkononi. Nikakila. Kilikuwa kitamu.

Wakaamua hapohapo. Kilichokuwa kichwani kwa mke wa ndugu yao kilikuwa bado kizima, hospitali ilikuwa inachezea muda tu, na ilikuwa wazi kwamba kuna sadaka ya wazee wa ukoo haijatolewa. Kesho yake asubuhi, watu wakiwa bado wananuka pombe, walituita nyuma ya nyumba, kwenye mimea ya masale iliyozunguka makaburi ya wazee. Mbuzi wa kazi hiyo hachinjwi. Walimlaza, mmoja akamkalia, Baba Mkubwa akamziba pua na mdomo kwa mikono yake miwili mpaka miguu ikaacha kupiga. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona jicho lake. Sitaelezea zaidi.

Kisha wakampasua. Nikaambiwa mimi, mtoto wa kwanza wa mgonjwa, nishike bakuli. Baba Mkubwa akaingiza mkono kwenye lile fuko mpaka kiwiko na kuanza kuchota. Uji wa kijani, wa moto, wenye nyuzi nyuzi za majani ambayo mbuzi alikuwa ameyala jana yake, ukaanguka bakulini na kunirukia vidoleni. Harufu yake ilikuwa chachu, ya majani na ya mavi kwa pamoja, na iliingia mdomoni hata ukiziba pua. Nilimeza matapishi yangu mwenyewe ili nisiuaibishe ukoo.

Mama alikuwa kwenye kigoda, kitenge kimemfunika mabega. Alipoona bakuli akainua mkono.

"Shemeji, hapa pasiguswe. Daktari amesema pasiguswe."

"Daktari gani?" Baba Mkubwa akasema. "Huyo anayekimbia?"

Wanaume wakacheka kidogo. Mama hakucheka. Aligeuza kichwa taratibu akanitazama mimi, na bakuli langu. Alinitazama kwa muda. Nilidhani ananionea huruma kwa sababu ya ile harufu, nikamtikisia kichwa kumwonyesha kwamba naweza kuvumilia.

"Baba Manka," akasema bila kuniondolea macho, "sema kitu."

Baba alikuwa anaangalia viatu vyake. Alikuwa mtu mwema, mchapa kazi, na kati ya watu wote niliowahi kuwajua hakuna aliyeweza kuangalia viatu kama yeye. Baba Mkubwa akapiga funda la mbege, akampulizia Mama kifuani, akachota kwa vidole vinne na kupaka. Hakupaka kidogo. Alisugua palepale ngozi ilipokuwa imebanduka, kwa nguvu za mtu anayesugua sufuria, huku akiongea na marehemu babu kwa Kichaga. Mama alitoa sauti ndogo, akauma kitenge. Wakamfunga kichwa kwa ganda kavu la mgomba na kumwambia asiguse maji wala asitoke kwenye kihamba siku nne.

Siku nne. Hata mimi nilijua hesabu. Asubuhi ya pili ndiyo alitakiwa awe ndani ya basi.

Alilala chumbani na lile bandiko. Siku ya kwanza ilikuwa harufu ya mbuzi, siku ya pili ikawa harufu nyingine, na siku ya tatu nzi walikuwa wamejaa dirishani na Mama alikuwa anaongea na marehemu mama yake. Nilikaa mlangoni. Nilipewa chakula nikale naye nikashindwa kuingia. Nasema wazi, nilishindwa kwa kinyaa. Nilisukuma sahani yake kwa mguu mpaka karibu na kitanda, kama anavyolishwa mbwa mkali.

Basi lilipofika Dar bila Mama, Felista hakusubiri maelezo. Alipanda la kesho yake akatua Kilema akiwa na tepu ya kupimia nguo bado shingoni. Hakumsalimu mtu. Aliingia chumbani, akafungua lile ganda, likatoka na ngozi pamoja na kitu cheupe ambacho kwanza nilidhani ni ubongo. Ulikuwa usaha. Alitoka nje akasimama uani akapiga kelele ambazo nadhani zilisikika mpaka kule kanisani Misheni.

"Mavi! Mmempaka mavi kwenye kidonda! Nyie ni watu au fisi?"

"Usitutukane kwenye kihamba chetu, mwanamke," Baba Mkubwa akasema.

"Nitakutukana mpaka kwenye jeneza lako! Shemeji, lete gari. Si kesho. Sasa!"

Baba akaenda kutafuta gari. Mpaka leo najiuliza kwa nini ile sauti ilihitaji kutoka kwa mtu wa mbali.

Alilazwa Moshi kwa kidonda na homa. Mionzi haiwezi kupigwa juu ya usaha, kwa hiyo ilibidi kidonda kipone kwanza, kisha Dar wafinyange neti nyingine kwa sababu uso ulikuwa umekonda, wapange upya kila kitu. Zilipita wiki tano bila dawa, na uvimbe haukuzipoteza bure. Alimaliza zile mara kumi na mbili zilizobaki, na nyingine juu yake, akapona kwa maana ya kwamba yupo mpaka leo. Jicho la kushoto lilikufa. Daktari mmoja alisema pengine lingekufa tu, mwingine akasema pengine lisingekufa, na sisi tukaachiwa hilo neno pengine tukae nalo nyumbani.

Aliporudi Kilema, nilimpokea kwa mikono miwili na akanipita. Nilipompakulia mtori alisema hana njaa, halafu nikamkuta jikoni anajipakulia mwenyewe, anapapasa mwiko kwa jicho lake moja. Nilipotaka kumchana nywele zilizoanza kuota alisema kichwa kinauma. Nilipoushika mkono wake kanisani wakati wa amani ya Bwana, aliutoa haraka na kuupangusa kwenye kitenge. Hakunipiga, hakunigombeza. Alinilisha, akaniosha sare, akanilipia shule, kwa adabu, kama mtoto wa mtu mwingine.

Nikaamua ni mikono. Niliona wazi kwamba ile harufu ya bakuli haikuwa imetoka na Mama anaisikia. Nilianza kuiosha kwa majivu, kisha kwa limau, kisha kwa sabuni ya unga na jiwe la kusugulia visigino, kila siku baada ya shule, mpaka ikapasuka na kutoa damu na mwalimu akadhani nina ukurutu. Nilikuwa nainusa darasani. Nilikula kwa kijiko hata ugali. Nimeolewa, nimezaa, na mpaka leo watoto wangu wanajua mama yao hanyooshi mkono kumlisha mtu tonge. Wanafikiri ni ustaarabu.

Baba Mkubwa alifariki, Baba naye akamfuata, na Mama akabaki kwenye nyumba yetu na ng'ombe mmoja na msichana wa kumsaidia. Mwaka huu kwenye picha yake ya kawaida hapa Moshi wakaona kitu kidogo kimeanza upya, mahali palepale. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alieleza kwamba mashine za sasa zinalenga penyewe tu, kwamba itakuwa mara chache, kwamba hakuna kisu. Mama alimsikiliza, akasema aika, akapangiwa aanze Jumatatu, akaomba arudi nyumbani kwanza akachume maharage yake.

Jumamosi nikapanda kumwona. Alikuwa barazani anachambua hayo maharage kwenye ungo. Nilikaa chini, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kutapika kwenye ile posa juma lililotangulia, na kwa kuwa niliogopa ataingia kwenye mashine tena bila mimi kusema, nikasema.

"Mama, ni mimi niliyewaambia."

"Uliwaambia nini?"

"Baba Mkubwa na wazee. Kwamba hospitali hawakufanyi kitu. Kwamba mashine haikukugusa."

Hakuacha kuchambua. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Shemeji angejuaje kwamba daktari anakimbia? Hakuwahi kufika Dar. Aliyeona ni wewe."

Nikaviangalia vidole vyangu. "Nilidhani ni mikono yangu," nikasema. "Ulivyokuwa hutaki nikuguse. Nilidhani inanuka."

"Mikono yako ilikuwa safi." Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa uani. "Ilikuwa ni wewe. Nilikuwa nikikuona nasikia kinyaa, Manka. Mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nilikuwa naungama kila mwezi. Padri ananiambia sali, nasali, nikirudi nikikukuta mlangoni kinapanda tena."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka ulipomaliza la saba. Sijui kwa nini kiliisha. Siku moja nilikuita uje kula, nikaona nimekuita tu."

"Na Baba je? Baba alikuwepo. Baba alikuwa mtu mzima."

"Baba yako alikuwa mwoga, na nilimjua hivyo nilipokubali anioe. Nilimsamehe kabla hawajamaliza kunipaka." Ndipo aliponigeuzia uso wote, na lile jicho bovu pamoja nalo. "Wewe nilidhani uko upande wangu."

Nilikuwa nimejiandaa kulia na sikulia. Sikuona nafasi ya kulilia. Umri wangu ulikuwa umepita miaka thelathini na tano, na tangu darasa la nne nilikuwa nikisugua kitu kisichokuwa na uchafu.

"Jumatatu unakwenda na nani?" nikamwuliza. "Mama Mdogo?"

"Felista ana kelele. Utanipeleka wewe."

"Mimi?"

"Watu watakuuliza. Wa jumuiya, wa ukoo, wote. Watataka kujua wamenifanya nini mle ndani. Utawaambiaje?"

Hilo nilikuwa nimelisubiri. Nimesoma kila karatasi waliyotupa, nimeuliza wataalamu, najua mionzi inavyokusanywa kutoka pande nyingi ikutane mahali pamoja, najua kwa nini wanaofanya kazi ile wanatoka chumbani. Nikaanza kumweleza nitakavyowaeleza. Akainua mkono wenye vumbi la maharage.

"Usiwaambie hayo."

"Lakini sasa najua, Mama. Wakati ule sikujua, sasa najua."

"Hata wakati ule ulidhani unajua. Wakikuuliza umeona nini, sema hujui."

"Sawa."

"Sema nisikie."

"Sijui."

"Tena."

"Sijui, Mama."

"Haya," akasema, akarudi kwenye ungo wake. "Saa moja asubuhi uwe hapa, na usichelewe."